Wodi ya akili yenye ulinzi mkali: maswali ya watu wa Nakuru, Kisumu na magharibi

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi, na siku hizi muda wangu mwingi naumaliza nikizungumza na familia, makarani wa mahakama na wawakilishi wadi wanaotaka kujua kama eneo letu litawahi kupata wodi yake ya wagonjwa wa akili wanaohitaji ulinzi. Haya ndiyo maswali yanayorudi katika kila baraza. Majibu ni yangu. Si tamko la serikali ya kaunti wala la wizara.

Tunazungumzia jengo la aina gani hasa?

Si wodi ya kawaida ya akili, ile ambayo mtu hulazwa wiki mbili tatu, dawa zikashika, akarudi kwao. Tunazungumzia sehemu ya hospitali iliyotengewa watu wenye ugonjwa mkali wa akili ambao pia wameshtakiwa kwa kosa zito, au wameugua wakiwa gerezani, au kwa wakati huo ni hatari kwa wengine kiasi kwamba wodi ya kawaida haiwamudu.

Mahakama za Kenya nzima hutegemea kitengo cha ulinzi mkali cha hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910, mahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui, na ikaitwa Mathari mwaka 1924. Majirani zetu nao wana za kwao: Tanzania ina Isanga kule Dodoma, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe, na Uganda ina wodi ya aina hiyo katika hospitali ya Butabika, Kampala.

Mathari ipo. Kwa nini hamuwapeleki huko mambo yakaisha?

Kwa sababu mambo hayaishi wakifika huko. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350, na kutoka Busia ni mbali zaidi. Mama anayetaka kumwona mwanawe hupanda basi la usiku, hulala kwa jamaa, huingia saa ya kutembelea wagonjwa, kisha hurudi stendi kutafuta gari la kumrudisha nyumbani. Mara ya kwanza huenda. Mara ya pili huchanga nauli kwenye chama. Baadaye hupiga simu tu, na mwishowe hata simu inakoma. Siku daktari anapoandika kwamba mgonjwa amepata nafuu na anaweza kurudi kwao, huko kwao hakuna mtu anayemtarajia, na pengine shamba lake limeshagawanywa.

Shida nyingine ni ya huku huku. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya hospitali 284 za umma za kiwango cha nne kwenda juu, ni 29 pekee zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili. Sasa mfungwa akizidiwa huku magharibi na Mathari imejaa, anapelekwa wapi? Analazwa wodi ya kawaida. Nimefanya kazi katika wodi kama hiyo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kijana alikuwa amefungwa pingu mkono wa kushoto kwenye chuma cha kitanda, na askari jela wawili walikaa kwenye benchi miguuni pake, bunduki magotini. Akitaka kwenda haja, askari mmoja alimfungua huku mwenzake akisimama mlangoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walihamisha magodoro yao wakalala korido. Pingu ilimchubua kifundo cha mkono, tukawa tunatibu kidonda ambacho hakuja nacho.

Kwani hii si jela kwa jina lingine?

Inaweza kuwa, ikipangwa vibaya. Tofauti haimo kwenye kuta, maana zote mbili zina kuta. Uliza nani ana ufunguo, nani anaamua mtu atoke, na mtu anafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Ufunguo ukiwa na askari jela, uamuzi ukiwa kwenye faili la ofisi ya mbali, na siku nzima ikiwa ni kukaa sakafuni kungoja uji, hiyo ni jela yenye dawa. Hospitali ina mpango wa matibabu wa kila mgonjwa, ina tarehe ya kuupitia upya, na wanaovaa funguo kiunoni ni wauguzi.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Yeyote anayechora ramani ya jengo la namna hii leo anapaswa kuwa na hati hizo mbili mezani kabla hajagusa rula.

Anayeamua ni nani, gavana au Nairobi?

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Hospitali za kitaifa za rufaa ni za serikali kuu. Huduma za afya za kaunti, pamoja na hospitali za kaunti, ni za kaunti. Lakini magereza, mahakama na polisi ni vya kitaifa. Mgonjwa tunayemzungumzia amesimama katikati: amri iliyomleta ni ya hakimu, anayemsindikiza ni askari jela, kitanda ni cha kaunti, na dawa zinatoka kwenye bajeti ya kaunti. Kila upande una sababu halali ya kusema huyu si wangu. Afisa wa fedha wa kaunti atakuuliza, na hana makosa, kwa nini walipa ushuru wa Nakuru walishe mahabusu wa kitaifa aliyetoka Kericho au Baringo. Nako Nairobi watakwambia afya iligatuliwa.

Kufungua fundo hilo kuna njia mbili. Ya kwanza ni serikali kuu ijenge na kuendesha yenyewe, ndani ya hospitali ya rufaa ya kitaifa kama ile ya Moi kule Eldoret. Ya pili ni mkataba wa maandishi kati ya serikali kuu na kaunti kadhaa, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya mwaka 2012: kaunti moja itoe ardhi na uendeshaji, nyingine zichangie, na serikali kuu ilete ruzuku yenye masharti kwa ajili ya wagonjwa waliotumwa na mahakama. Binafsi naipenda njia ya kwanza. Mkataba wa kaunti sita ni mzuri hadi siku gavana mpya anapoapishwa na kukuta madeni ya mwenzake.

Njia ya tatu, ambayo mimi naiogopa, ni kaunti kujenga kwanza ili jengo lionekane, halafu ianze kutafuta mwenyewe. Jengo bila mwenyewe tumeliona mara nyingi katika sekta nyingine.

Gilgil si ina hospitali ya akili? Ongezeni ukuta basi.

Gilgil imelaza wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, na watu wa Nakuru hutaja jina hilo kwa utani hadi leo. Lakini wodi ya akili na wodi yenye ulinzi ni kazi mbili tofauti. Ukizungushia ukuta mrefu wodi iliyopo, wagonjwa wa kawaida, ambao ndio wengi, wataishi ndani ya ulinzi wasiouhitaji, na familia zitaogopa zaidi kuwaleta. Kama Gilgil itachaguliwa, na ina hoja zake kwa kuwa iko kwenye barabara kuu ya Nairobi, basi wodi yenye ulinzi iwe na lango lake, wafanyakazi wake na bajeti yake.

Mtu huingiaje humo? Jirani anaweza kunipeleka tukikosana?

Hapana. Njia kuu ni mahakama. Mshukiwa wa mauaji hupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka, ndiyo maana husikia kwenye habari kwamba fulani amerudishwa rumande hadi apimwe. Daktari akiona hawezi kufuatilia kesi, Kanuni za Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kuanzia kifungu cha 162, zinaeleza hakimu afanye nini. Kesi ikisikizwa hadi mwisho na ikathibitika kwamba alitenda kosa lakini hakuwa na akili timamu wakati huo, kifungu cha 166 ndicho hutumika. Njia nyingine ni ya mfungwa anayeugua akiwa gerezani.

Polisi na machifu nao wana mamlaka kisheria ya kumchukua mtu anayehatarisha maisha yake au ya wengine kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Lakini hatua hiyo humfikisha kwa daktari ili apimwe. Haimfikishi moja kwa moja kwenye wodi yenye ulinzi mkali, na jirani mwenye kisirani hana nafasi yoyote hapo.

Na hutokaje?

Hili ndilo swali ambalo mipango huliweka ukurasa wa mwisho, wakati lilistahili ule wa kwanza.

Kwa miaka mingi kifungu cha 166 kilimaanisha kushikiliwa hadi Rais aamue vinginevyo. Mkuu wa hospitali au gereza alitakiwa kuandika ripoti baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukihesabu, mtu aliyepona mwezi wa nane angengoja ripoti ya mwaka wa tatu ndipo jina lake lipelekwe kwa waziri, na kutoka kwa waziri lipande kwa Rais. Wapo waliokaa muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangekuwa wazima. Tangu mwaka 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema utaratibu huo unakiuka Katiba, kwa kuwa muda wa kumnyima mtu uhuru unapaswa kuwekwa na mahakama wala si na serikali. Baadhi yao wameagiza mgonjwa atibiwe kwa muda maalum, kisha kesi irudi mbele ya jaji.

Kwa mpangaji wa hospitali hii si habari ya mawakili peke yao. Inamaanisha wodi inahitaji chumba cha kusikilizia kesi kwa njia ya video, karani wa kufuatilia tarehe, daktari mwenye muda wa kuandika ripoti, na afisa wa ustawi wa jamii mwenye gari na mafuta ya kwenda kijijini kuzungumza na familia, na mara nyingi na familia ya aliyeumizwa pia. Nimewahi kuketi katika kikao cha namna hiyo huko nyumbani kwa watu, chini ya mwembe, wazee wakiwa upande mmoja na chifu katikati. Kaka wa marehemu alinyamaza karibu kikao chote. Alipozungumza aliuliza jambo moja tu: atakuwa akimeza dawa mbele ya nani? Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo, na jibu lake, mhudumu wa afya ya jamii pamoja na zahanati iliyo karibu, ndilo mpango wenyewe.

Vitanda vingapi vinatosha?

Wanasiasa hupenda mia mbili. Mimi nasema ishirini hadi arobaini kwa kuanzia, na nitaeleza.

Chukua vitanda 20. Mgonjwa akikaa wastani wa miezi sita, wodi huhudumia watu 40 kwa mwaka. Akikaa miaka miwili, huhudumia 10. Vitanda ni vilevile na mishahara ni ileile. Kwa hiyo ukitaka nafasi zaidi, njia ya bei nafuu ni kuharakisha ripoti na kesi, si kumwaga zege. Wodi isiyo na mlango wa kutokea hujaa haraka na kubaki imejaa, hata uipe vitanda mia mbili.

Italia iliamua kufunga hospitali zake kubwa za mahabusu wenye ugonjwa wa akili mwaka 2015, ikaweka mahali pake makazi madogo yenye vitanda visivyozidi 20 kila kimoja, yaliyo katika mikoa wanakotoka wagonjwa na yanayosimamiwa na idara ya afya. Hayakukosa matatizo, hasa foleni ya kungoja nafasi. Ila wazo la kituo kidogo karibu na kwao linafaa huku kwetu kuliko kujenga Mathari ya pili.

Jengo lenyewe linafananaje?

Uingereza huyapanga majengo haya kwa ngazi tatu: ulinzi wa juu, wa kati na wa chini. Ya juu yako matatu tu katika England: Broadmoor, iliyofunguliwa mwaka 1863, pamoja na Rampton na Ashworth. Ulinzi wa kati hutaka uzio wa mita 5.2, na wa chini mita 3. Nataja vipimo hivyo kwa sababu wakandarasi wetu wakisikia neno ulinzi hukimbilia ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu. Wagonjwa wetu wengi wangetoshwa na ngazi ya kati au ya chini.

Mambo yanayookoa maisha huwa madogo na hayapendezi kwenye picha za uzinduzi. Ndoana ya pazia iachie ikibeba uzito. Bomba la bafu liwe ndani ya ukuta, na kitasa cha mlango kiwe na mteremko ili kamba isishike. Mlango wa chumba ufunguke pande zote mbili, maana mgonjwa akijifungia kwa kitanda utaufungua vipi? Langoni kuwe na milango miwili isiyofunguka kwa wakati mmoja. Korido isiwe na kona iliyojificha. Vijiko vihesabiwe vikitoka jikoni na vihesabiwe vikirudi. Kuwe na uwanja wa wazi wenye kivuli, kwa sababu mtu anayekaa miezi minane bila kuona jua hapati nafuu.

Na kwa kuwa tuko Kenya: stima hupotea. Kufuli za umeme ziwe na ufunguo wa kawaida wa akiba, na jenereta ijaribiwe kila wiki, si siku ya wageni. Moto ukiwaka katika wodi iliyofungwa, nani anafungua, kutoka wapi, kwa dakika ngapi? Mchoraji asiyeweza kujibu hilo arudishiwe karatasi zake.

Wakitoroka je? Shule ya watoto wetu iko pale pale.

Hofu hiyo nisiidharau. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, na habari ikazunguka dunia. Mathari ina ukuta.

Wanaofanya kazi hii hugawa ulinzi sehemu tatu: vitu (uzio, kufuli, kamera), taratibu (kuhesabu watu, kupekua wageni, kuandika kila anayeingia), na uhusiano wa wafanyakazi na wagonjwa. Ya tatu hupuuzwa, na ndiyo inayogundua tatizo kwanza. Muuguzi anayewajua watu wake ataona kwamba fulani hajagusa ugali siku mbili, hazungumzi na mwenzake wa siku zote, na amekuwa akisimama karibu na lango saa ya kubadilishana zamu. Kamera itaona hayo, lakini haitayaelewa. Muuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa sitini usiku, naye hataona chochote.

Kwa hiyo badala ya kuuliza ukuta una futi ngapi, uliza usiku watakuwa wauguzi wangapi. Na kumbuka kwamba leo hii watu haohao wako kwenye rumande, kwenye seli za polisi na majumbani, bila dawa.

Ardhi itatoka wapi, na ijengwe wapi?

Iwe ndani ya uwanja wa hospitali kubwa au karibu nayo. Najua kuna shinikizo la kupeleka jengo mbali, mahali penye ekari nyingi na majirani wachache. Lakini wagonjwa hawa wana kisukari, wana kifua kikuu, huvunjika mifupa, na dawa zenyewe zinahitaji vipimo vya damu. Wauguzi wanahitaji matatu ya kuwarudisha nyumbani saa mbili usiku. Mahakama isiwe mbali.

Nakuru lazima ipimwe ardhi kwa makini. Mji umekaa ndani ya Bonde la Ufa, kuna mitaa ambayo ardhi hutitia au kupasuka baada ya mvua kubwa, na ziwa limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kisumu ina uwanda wa Kano unaofurika na udongo mweusi unaovimba na kupasua misingi. Palipo na mwinuko na mwamba ndipo pa kutazama. Hatimiliki nayo ionekane kwa macho. Kuna viwanja vya hospitali za umma ambavyo havina karatasi, na mtu binafsi hujitokeza na zake siku tingatinga linapofika.

Kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kinahitajika, na Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inawapa majirani nafasi ya kutoa maoni au kupinga kabla ujenzi haujaruhusiwa.

Pesa zipo?

Za kujenga hupatikana kwa urahisi kuliko za kuendesha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na jengo ni maendeleo. Mishahara ya wauguzi iko upande wa pili, na kanuni za mwaka 2015 ziliweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato ya kaunti kwa mishahara yote. Kaunti nyingi zimeshavuka hapo. Basi ofisi hiyohiyo inaweza kuwa na fedha za mawe na isiwe na ruhusa ya kuajiri. Ukishangaa kwa nini wodi mpya hukaa na kufuli miaka miwili, nusu ya jibu ni hiyo.

Fanya hesabu ya nafasi moja tu ya muuguzi saa ishirini na nne. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja hufanya kazi saa 40. Hao tayari ni wanne na zaidi. Weka likizo, ugonjwa na mafunzo, wawe watano. Wodi ya vitanda 20 yenye wauguzi wanne kila zamu inataka wauguzi 20, kabla hujahesabu daktari, mwanasaikolojia, mtaalamu wa tiba kwa kazi za mikono, afisa wa ustawi, walinzi na wapishi. Kama idadi hiyo haimo kwenye pendekezo, pendekezo halijakamilika, hata likiwa na michoro ya rangi.

SHA italipa?

Matibabu ya akili yamo kwenye huduma za SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Lakini bima imejengwa kwa mtu aliyejiandikisha na anayechanga, anayelazwa siku chache. Mahabusu wa miezi kumi hatoshei hapo. Gharama yake inapaswa kuwa fungu la wazi katika bajeti ya serikali kuu.

Wauguzi wenyewe watatoka wapi?

Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Nairobi. Wauguzi wa akili wanaofundishwa katika KMTC, vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba, wapo, lakini wakirudi kaunti hupangwa wodi za uzazi au chanjo kwa sababu huko ndiko pengo linalopigiwa kelele. Hatua ya kwanza haihitaji tofali lolote: kaunti ihesabu waliosomea kazi hii na iwarudishe kwenye kazi yao. Ya pili ni kuwapeleka baadhi yao Mathari miezi kadhaa wajifunze kazi ya ulinzi kabla jengo halijaisha.

Wanawake na vijana?

Wanawake watakuwa wachache, na ndiyo sababu husahauliwa, kisha huishia kwenye chumba kimoja kilichopakana na wanaume. Watengewe upande wao tangu kwenye mchoro, wenye mlango wake na bafu lake. Chini ya miaka 18 wasiingizwe humo kabisa.

Ndugu yangu hajashtakiwa, ila akizidiwa anavunja vyombo. Wodi hii itamsaidia?

Kwa sehemu kubwa, hapana, na nasema hivyo nikijua unatamani jibu tofauti. Anachohitaji ni kliniki ya akili ya hospitali ya kaunti ndogo, dawa zisizokatika, na pengine sindano ya kila mwezi badala ya vidonge anavyotema. Wodi yenye ulinzi itakusaidia kwa njia ya kuzunguka: ikiwaondoa mahabusu kwenye wodi ya kawaida, kitanda chake kitapatikana na utulivu utarudi.

Usimfunge kamba wala mnyororo, wala usimpeleke mahali pa maombi wanapofunga watu, hata kama mhubiri ni mtu mwema. Akiombewa huku anameza dawa, sina neno. Na kama amewahi kujaribu kujiua, usiogope kumleta hospitalini ukidhani atakamatwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jambo hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Mwananchi hutoa maoni lini, na wapi?

Bajeti ya kaunti ina kalenda. Mpango wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wengi wetu huenda mwezi wa tano kupiga kelele, wakati mambo yameshapangwa. Nenda Agosti. Mpango wa miaka mitano unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kitu kisichomo humo hupata pesa kwa shida, kwa hiyo mpango utakaofuata uchaguzi wa 2027 ndio wa kuwahi.

Ukisimama kuzungumza, usiombe hospitali kwa jumla. Uliza maswali matatu: wodi itakuwa chini ya nani, wauguzi wangapi wameombewa ajira na kwa fungu lipi, na mgonjwa aliyepona atarudishwaje kwao. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha piga picha ukurasa huo.

Wakikataa kunionyesha hati?

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuziona. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza, taja hati unayotaka, peleka kwa ofisi ya afisa mkuu wa afya na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wana siku 21 za kukujibu. Jambo likihusu maisha au uhuru wa mtu, kama ndugu anayeshikiliwa bila tarehe ya kesi, muda ni saa 48. Wasipojibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ofisi ya Ombudsman. Tume hiyo ina ofisi Kisumu na Eldoret pia, kwa hiyo huna haja ya kwenda Nairobi.